HOTUBA JUU YA HATI ZA AMANA NA MAHALI PA KUWEKA FEDHA ZA CHAMA

(Ilisomwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya wanachama wa matawi ya Thika na Ruiru katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Katika mkutano uliopita wazee wa tawi la Ruiru waliuliza swali, nalo lilikuwa swali la haki. Walisema: kila mwaka tunasomewa kwamba fedha za chama ziko benki; lakini ziko kwa namna gani, zinazaa nini, na siku tutakapozihitaji zitatoka? Halmashauri iliagizwa kulichunguza jambo hilo na kuleta jibu litakaloeleweka na kila mwanachama, hata yule asiyeingia benki ila mara moja kwa mwaka. Jibu ndilo hili tunalolisoma leo, na baada yake mtaombwa kupiga kura.

Yatupasa kwanza kukumbuka kwamba fedha zetu si za namna moja, ijapokuwa shilingi zote zafanana. Mfuko wa Mazishi hauna tarehe. Kifo hakitangulizi barua, na familia iliyofiwa haiwezi kuambiwa ingoje siku tisini hati iive ndipo jeneza linunuliwe. Mfuko wa Ada za Shule una tarehe zinazojulikana na kila mzazi, yaani mwanzo wa kila muhula: Januari, kisha karibu na mwisho wa Aprili, kisha karibu na mwisho wa Agosti. Mfuko wa Kiwanja ni wa tatu, nao hauna haraka, maana ardhi baina ya Juja na Ruiru, tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, hainunuliwi kwa akiba ya mwaka mmoja. Mtu akiiweka mifuko hii mitatu mahali pamoja kwa sharti moja, atakosea katika miwili.

Sasa tuzitazame hati zenyewe.

Hati ya amana ni karatasi ya benki yenye kusema: tumepokea kwenu kiasi hiki, tutakikaa nacho mpaka tarehe hii, na siku hiyo tutakirudisha pamoja na riba ya kadiri hii. Ni deni. Sisi ndio wakopeshaji, na benki ndiyo mkopaji. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba benki ni ghala, na kwamba magunia yetu yamo ndani yakitungoja na alama zetu juu yake. Sivyo. Benki hukopesha magunia hayo kwa wengine, na ahadi yake ndiyo inayobaki mikononi mwetu. Kwa hiyo kila tunaposoma hati, jambo la kwanza la kutazama ni jina la aliyeahidi, ndipo tutazame riba.

Namna inayojulikana zaidi hapa kwetu ni amana ya muda maalum. Chama na benki hupatana juu ya kiasi, muda na riba. Muda huwa mwezi mmoja, miezi mitatu, miezi sita au mwaka. Kisha chama hupewa hati au barua yenye jina lake. Hati hiyo haiuzwi kwa mtu mwingine. Tukiitaka fedha kabla ya siku yake, twaomba ivunjwe, na benki hukata sehemu ya riba au riba yote, kadiri ya masharti tuliyoyatia sahihi. Si vibaya kuivunja ikiwa lazima. Ubaya ni kuivunja bila kujua kwanza itakatwa nini.

Tufanye hesabu moja ili jambo lionekane. Chama kikiweka Sh. 1,000,000 kwa siku 182, na tuchukue riba ya asilimia 10 kwa mwaka kwa ajili ya mfano tu, riba yake yote ni Sh. 49,863. Benki kabla ya kutoa itakata kodi ya asilimia 15 ya riba hiyo, yaani Sh. 7,479, na kuipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru. Kitakachotufikia ni Sh. 42,384. Mwanachama aliyesikia neno asilimia 10 akatazamia Sh. 100,000 atasema Mweka Hazina amekula, kumbe muda ni nusu mwaka na kodi imetoka. Ndiyo maana tunaomba hesabu za namna hii ziandikwe waziwazi katika taarifa ya kila mwaka.

Namna ya pili ni amana ya kuitishwa. Hii haina siku ya mwisho. Hukaa ikizaa riba ndogo zaidi, nasi tukiitaka twatoa ilani ya siku chache, au hata saa chache, kwa masharti ya benki. Riba yake haimfurahishi mtu. Lakini hiyo ndiyo nyumba ifaayo kwa Mfuko wa Mazishi, kwa sababu tulizokwisha kuzitaja.

Ya tatu ndiyo inayoandikwa katika vitabu vya mabenki kwa jina hasa la hati ya amana, nayo ni hati inayohamishika. Chimbuko lake katika umbo la leo ni New York, mwezi wa Februari mwaka 1961. Makampuni makubwa ya Marekani yalikuwa na fedha nyingi zisizotumika kwa majuma au miezi. Sheria ya huko wakati ule ilikataza benki kulipa riba kwa fedha zinazoweza kutolewa wakati wo wote, basi makampuni yakawa yanaziondoa benki na kununua hati za Serikali. Benki iliyoitwa First National City Bank ikatangaza kwamba itatoa hati za amana zinazoweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabla ya siku yake kufika, na kampuni ya Discount Corporation ikakubali kuwa mnunuzi na mwuzaji wa hati hizo. Mwaka 1966 hati kama hizo za dola zikaanza kutolewa London, na za paundi zikafuata mwaka 1968.

Uzuri wa hati inayohamishika ni kwamba benki hubaki na fedha mpaka siku ya mwisho, na mwenye hati huweza kupata fedha zake leo kwa kumwuzia mwingine. Lakini uzuri huo wategemea soko. Pasipo mnunuzi, hati inayohamishika haihami. Hapa Kenya soko hilo ni jembamba, na chama cha kadiri yetu kisitazamie kuingia benki mjini Thika asubuhi na kutoka na mnunuzi adhuhuri. Tena, hati ya namna hii ikiwa haina jina ila hulipwa aliyeishika, kuipoteza ni sawa na kupoteza fedha taslimu. Kwa hiyo tumeieleza ili wanachama waijue wakiisikia, wala hatuipendekezi.

Ziko na tofauti nyingine zinazopita ndani ya namna hizi. Kuna hati ambayo riba yake haibadiliki tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, na kuna ambayo riba yake hupanda na kushuka ikifuata riba ya Benki Kuu au kipimo kingine. Kuna inayolipa riba kila mwezi au kila robo mwaka, na kuna inayongoja mwisho. Kuna ya fedha za kigeni. Tena kuna ile iliyo na sharti kwamba benki yenyewe yaweza kuirudisha mapema ikipenda. Sharti hilo huandikwa kwa maneno machache, na maana yake ni hii: riba zikishuka katika nchi, benki itaturudishia fedha zetu na kutuacha tukatafute mahali pengine penye riba ndogo, riba zikipanda, itatuacha palepale. Anayeona sharti hilo na adai riba zaidi kwa ajili yake, au aikatae hati.

Mambo ya kupanda na kushuka si ya kubuni. Mwezi wa Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya iliiweka riba yake katika asilimia 13, na hati za Hazina za siku 364 zikawa zinalipa zaidi ya asilimia 16. Tangu Agosti mwaka uleule Benki Kuu ikaanza kuishusha, na kufikia katikati ya 2025 hati zilezile za siku 364 zilikuwa zimeshuka chini ya asilimia 10. Chama kilichofunga fedha kwa muda mrefu mwanzoni mwa 2024 kilicheka. Kilichofunga kwa mwezi mmoja mmoja kilipata kila mara kidogo kuliko mara iliyopita. Lakini kinyume chake pia hutokea. Mwezi wa Oktoba 2022 bei za vitu zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 katika mwaka mmoja. Aliyekuwa amefungiwa fedha zake kwa asilimia 10, na kodi ikatolewa, alibaki na asilimia 8.5, yaani akiba yake ilinunua unga pungufu kuliko alipoiweka.

Hatuna nabii wa riba katika Halmashauri, wala hatukumwajiri. Tunachoweza kufanya ni kile afanyacho mwenye migomba: haachi machipukizi yote yakakua pamoja ili mikungu yote ikomae juma moja. Huacha moja kubwa, moja la kati na moja dogo, na nyumba hukosa ndizi mara chache. Hati zetu za ada nazo zigawanywe hivyo, ili moja iive mwishoni mwa Desemba, nyingine katikati ya Aprili, na nyingine katikati ya Agosti. Fedha itafika mkononi karibu na siku ya kulipa shule, wala hatutavunja hati.

Sasa tumefika penye uzito wa maneno yetu, na tunawaomba Wazee wetu watusikilize kwa makini.

Ahadi ya benki yaweza kuvunjika. Wazee mliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 mnakumbuka Rural Urban Credit Finance mwaka 1984 na Union Bank mwaka 1986. Mnakumbuka pia Trust Bank na nyinginezo zilizofungwa mwaka 1998. Mwaka 2003 ilianguka Euro Bank, na miongoni mwa waliokuwa na amana humo yalikuwamo mashirika ya umma, Hospitali Kuu ya Kenyatta mojawapo. Mashirika hayo yalikuwa na wahasibu na mawakili, wala hayo hayakuyaokoa. Kisha zikaja tatu kwa mfululizo: Dubai Bank, Agosti 2015, Imperial Bank, tarehe 13 Oktoba 2015, na Chase Bank, tarehe 7 Aprili 2016. Katika Imperial Bank ulaji ulikuwa umefichwa kwa miaka, na hesabu zilizochapishwa zilikuwa nzuri. Katika Chase Bank, ilipouzwa kwa SBM mwaka 2018, asilimia 75 ya amana zilizokuwa zimezuiwa zilihamishwa na asilimia 25 zikabaki nyuma. Mwenye shilingi mia alihamishiwa sabini na tano, tena baada ya kungoja zaidi ya miaka miwili. Fikirini huo ungekuwa Mfuko wetu wa Mazishi.

Iko kinga ya sheria. Shirika la Bima ya Amana, liitwalo KDIC, hulipa wenye amana benki inapofungwa na kufilisiwa. Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa Sh. 100,000; tangu tarehe 1 Julai 2020 ni Sh. 500,000. Wanachama wengi wamesikia kiasi hicho wakatulia. Lakini sikilizeni jinsi kinavyohesabiwa. Ni Sh. 500,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki. Chama kilichosajiliwa, chenye akaunti kwa jina lake, ni mwenye amana mmoja. Tukiwa wanachama mia mbili au mia tano, mbele ya sheria hiyo sisi ni mtu mmoja. Tena akaunti zote tulizo nazo katika benki ile hujumlishwa, ya kawaida, ya kuitishwa na ya muda, hata zikiwa katika matawi mbalimbali. Kuweka nusu katika tawi la Thika na nusu katika tawi la Ruiru la benki ileile hakuongezi hata senti moja ya kinga. Kuweka katika benki mbili tofauti huongeza.

Yafaa pia kujua kinga hiyo inawafunika nani. Inafunika mabenki na benki ndogo za mikopo zilizo na leseni ya Benki Kuu. Haifuniki amana zilizo katika vyama vya akiba na mikopo, yaani Sacco, ambavyo vina msimamizi wao, SASRA. Haifuniki kampuni za viwanja, wala vikundi vinavyoahidi faida ya kila mwezi kwa risiti iliyopigwa mhuri. Hapa Thika hatuhitaji kufundishwa habari hiyo kwa mifano ya mbali. Wako miongoni mwetu wanaotunza risiti kama hizo sandukuni mpaka leo.

Hatuyasemi haya kwa kuvidharau vyama vya akiba. Wengi wetu tumejengea nyumba na kusomeshea watoto kwa mikopo yake. Lakini hata vyenyewe vimeumia kwa jambo hilihili tunalolizungumza. Muungano wao wa nchi nzima, KUSCCO, ulikuwa ukipokea amana za vyama wanachama na kuahidi riba iliyovutia. Taarifa ya wakaguzi iliyotangazwa mwanzoni mwa 2025 ilisema kwamba zaidi ya shilingi bilioni 13 zilikuwa zimepotea, na kwamba hesabu zilikuwa zimepambwa kwa miaka. Vyama vingi vikalazimika kuandika hasara katika vitabu vyao. Angalieni kwamba walioweka fedha hizo hawakuwa watu wasiojua kusoma. Walikuwa halmashauri kama hii yetu, zenye wenyeviti na waweka hazina, zilizoona jina kubwa na riba nzuri zikatosheka.

Jambo lilo hilo lilitokea Marekani mwezi wa Julai 1982, ilipofungwa benki ndogo ya Penn Square katika jimbo la Oklahoma. Vyama vingi vya akiba na mikopo vya mbali vilikuwa vimenunua hati zake za amana kwa sababu ililipa zaidi kidogo kuliko nyingine, na hati nyingi kati ya hizo zilikuwa kubwa kupita kiwango cha bima, ambacho wakati ule kilikuwa dola 100,000. Walilipwa kiwango cha bima. Na kwa yaliyosalia wakapewa karatasi ya kungojea mali ya benki iuzwe.

Kwa hiyo mtu akija kwa Mweka Hazina akisema benki fulani inatoa asilimia mbili au tatu juu ya nyingine, swali la Halmashauri liwe: mbona yeye anahitaji fedha zetu kuliko wenzake? Ni kweli riba ya amana huafikianwa, na mwenye fedha nyingi hupata zaidi ya ile iliyobandikwa ukutani. Hilo ni halali, na tumeazimia kuuliza katika benki tatu kila mara kabla ya kutia sahihi. Walakini tofauti ikiwa kubwa mno, haiwi zawadi.

Ziko njia za kuichunguza benki kabla ya kuiamini. Kila robo mwaka mabenki hutakiwa na sheria kuchapisha hesabu zao, na hesabu hizo hubandikwa pia mahali pa wateja. Mwishoni mwa ukurasa pana kipimo cha fedha zilizo tayari kutolewa. Sheria yataka kisipungue asilimia 20. Karibu nacho pana kipimo cha mtaji, na mahali pengine pana mikopo isiyolipwa. Mtu ye yote aliyesoma hesabu za kidato cha pili aweza kulinganisha robo hii na ile iliyopita akaona kama maji yanapanda au yanashuka. Sheria iliyopitishwa mwaka 2024 imeongeza pia mtaji mdogo kabisa wa benki, kutoka shilingi bilioni 1 mpaka bilioni 3 kufikia mwisho wa 2025, na kuendelea mpaka bilioni 10 mwaka 2029. Benki zisizofikia hapo zitaungana na nyingine au kutafuta wenye mali wapya, na chama chenye hati ya mwaka mzima katika benki ya namna hiyo na kijue ni nani atakayekuwa mdeni wake siku hati itakapoiva. Hata hivyo habari ya Imperial Bank inatufundisha kwamba hesabu zilizochapishwa si kiapo, na kwa sababu hiyo tunategemea zaidi kugawanya kuliko kuchunguza.

Pana njia nyingine isiyo ya benki, nayo ni kuikopesha Serikali yenyewe kwa hati za Hazina za muda mfupi. Muda wake ni siku 91, 182 au 364. Hati hizi hununuliwa kwa bei pungufu na kulipwa kamili: kwa riba ya mfano ya asilimia 10, hati ya Sh. 1,000,000 ya siku 364 hununuliwa kwa Sh. 909,317, na zile Sh. 90,683 zinazobaki ndizo riba, nayo hukatwa kodi ya asilimia 15 kama ile ya benki. Tangu mwaka 2023 mtu au chama kilichosajiliwa hufungua akaunti kwa Benki Kuu kwa njia ya DhowCSD, hata kwa simu, na kiasi cha chini cha hati hizi ni Sh. 50,000. Hapa hapana kiwango cha bima, maana mdeni ni Serikali. Ubaya wake ni kwamba kuitoa kabla ya siku yake ni kwa bei ya adhabu, tena majina ya wanaoiendesha akaunti lazima yawe sawasawa.

Hapo kwenye majina tunaomba ruhusa ya kusimama kidogo, kwa kuwa vyama vingi huumia hapo kuliko katika riba. Hati hutolewa kwa jina la chama, na sahihi za watu watatu huhitajika kuigusa. Mmoja akifa au akihamia Nakuru, benki itadai kumbukumbu za mkutano uliomchagua mwingine, na mpaka zifike hati hubaki imefungwa hata kama siku yake imepita. Tena maagizo ya siku ya kuiva huandikwa mwanzoni: fedha ziingie akaunti ya kawaida, au zifungwe upya. Palipo na agizo la kufunga upya, na hakuna aliyekumbuka, ada za Januari huweza kufungwa tena mpaka Julai. Mwisho wa yote, hati ya amana yaweza kuwekwa rehani. Mtu aliye na sahihi, akishirikiana na wenzake, aweza kuitumia kupata mkopo wake mwenyewe, na chama kisijue mpaka mkopo ushindwe kulipwa. Hatumshuku mtu. Lakini barua moja kwa kila benki, yenye kusema kwamba hati za chama hiki hazitawekwa rehani ila kwa azimio la Mkutano Mkuu, na benki iithibitishe kwa maandishi, haina gharama.

Basi haya ndiyo tunayoyapendekeza, na tuyaeleze kwa mfano wa Sh. 3,000,000 ili kila mtu ayaone. Mfuko wa Mazishi uwe Sh. 450,000, ukae katika amana ya kuitishwa katika benki ya kwanza, wala pasiwe na fedha nyingine ya chama katika benki hiyo. Mfuko wa Ada uwe Sh. 900,000, nusu katika benki ya pili na nusu katika ya tatu, na kila nusu igawanywe katika hati tatu za Sh. 150,000 zenye kuiva kwa zamu kabla ya mihula. Mtauliza kwa nini 450,000 na si 500,000. Ni kwa sababu riba nayo huhesabiwa ndani ya kinga, na tumeiachia nafasi. Sh. 1,650,000 zilizobaki, ambazo ni za kiwanja, ziende katika hati za Hazina, sehemu ya siku 182 na sehemu ya siku 364.

Baadhi ya wajumbe wa Halmashauri hawakukubaliana nasi juu ya jambo moja, na ni haki mlijue. Wao waliona kwamba kutembea benki tatu ni kazi na nauli, na kwamba benki moja kubwa ingetupa riba bora kwa kiasi kikubwa kilichowekwa pamoja. Wanasema kweli juu ya nauli, na huenda wakawa wanasema kweli juu ya riba. Tulipiga hesabu: katika Mfuko wa Ada, riba ikiwa pungufu kwa nusu asilimia kwa sababu ya kugawanya, chama hukosa Sh. 4,500 kwa mwaka kabla ya kodi. Walio wengi waliona hiyo si bei kubwa ya kulinda Sh. 900,000, ambazo zikiwa mahali pamoja zingekuwa na Sh. 400,000 zisizo na kinga. Ninyi ndio mtakaoamua.

Kura zitakuwa mbili: ya kwanza juu ya kugawanya mifuko kama tulivyoeleza, ya pili juu ya barua ya kukataza rehani. Hati zote zilizopo sasa ziko mezani pa Mweka Hazina pamoja na karatasi yenye tarehe za kuiva, na mwanachama ye yote apendaye kuzisoma kabla ya kura na aje azisome.